Kanuni ya Tano

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na ninalisema hilo mapema ili asije mtu akanionea huruma kabla hajasikia nilichofanya. Jina langu ni Mirriam Wacuka. Mwaka wa themanini na tano nilikuwa mwalimu wa darasa la sita katika shule moja ya msingi upande wa Mbotela, mahali ambapo upepo ukigeuka unaleta harufu ya sabuni kutoka viwanda vya Industrial Area. Tulikuwa walimu kumi na sita, wanafunzi mia saba na ushei, na chumba kimoja cha walimu. Humo mlikuwa na kabati refu la mbao lililogawanywa visanduku kumi na sita, na kila kisanduku kilikuwa na kufuli yake.

Ukizijua hizo kufuli umetujua sisi. Mtaala ulikuwa umebadilishwa, darasa la nane lilikuwa linafanya mtihani wake wa kwanza mwaka huo, na sisi tuliofunzwa kufundisha mpaka la saba tuliambiwa tuendelee tu. Kitabu cha mwalimu cha hesabu kililetwa nakala moja. Aliyekipata kwanza alikifungia. Aliyepata maswali ya majaribio kwa rafiki yake wa shule nyingine aliyanakili huku ameyakinga kwa kiwiko, mtu mzima mwenye watoto wanne. Ukimwuliza mwenzako sura ya tisa ameifundishaje, anasema ameifundisha vizuri, kisha anainuka kwenda kujimiminia chai ambayo hakuwa na haja nayo. Kila mmoja wetu aliogopa kuonekana hajui, na njia rahisi ya kulikwepa hilo ilikuwa kufunga mdomo.

Aliyeleta habari za kanuni ni Naftaly Ndung'u. Alikuja kwetu Januari moja kwa moja kutoka chuoni, kijana mwembamba mwenye raba za bluu, akawa anawasalimia watoto "niaje" mpaka Mwalimu Mkuu akamkanya. Alisema watu hawafanyi kazi pamoja kwa kutamani tu. Lazima wakubaliane kwanza namna watakavyoketi, nani ataongea lini, na yatakayosemwa yatafanywa nini. Tulimcheka. Mimi nilimcheka zaidi ya wote. Lakini Bwana Muasya, Mwalimu Mkuu wetu, alikuwa mtu wa kupenda chochote kinachoweza kuandikwa kwenye karatasi ya manila na kubandikwa ukutani, kwa hiyo akatoa manila.

Tukakaa Alhamisi moja, watoto wakiwa wamekwenda nyumbani, tukazitunga. Ya kwanza, kikao kitakuwa Alhamisi saa kumi kamili. Ya pili, mmoja akisema wengine wasikilize. Ya tatu, hakuna kumcheka mtu. Ya nne ilitoka kwa Patrobas Wekulo, aliyekuwa mkubwa wetu kwa miaka, na alipoisema aliisema mara mbili.

"Linalosemwa humu lisitoke. Lisitoke," akasema. "Mimi nimekaa kwa hii kazi miaka ishirini. Nimeona watu wakihamishwa sababu ya maneno ya chai. Kama hii kitu yenu ni ya ukweli, andikeni hivyo."

Tukaandika. Ya tano ilikuwa yangu. Nilikuwa nimechoshwa na wanaume wa shule ile, watu wa kukubali leo kugawana zamu ya gwaride na kesho wakaapa hakuna aliyekubali. Nikasema kila kikao kiwe na kumbukumbu, zisomwe kikao kinachofuata, na kila aliyekuwepo atie sahihi. Ndung'u akauliza nani ataziandika. Nikasema mimi. Mwandiko wangu ni mzuri na sioni haja ya kujifanya sijui. Masista walionisomesha walinichapa vidole mpaka ukawa mzuri. Basi nikawa katibu.

Hakuna aliyeona kwamba ya nne na ya tano hazipatani. Sisi watu wa kusahihisha makosa ya wengine kutwa kucha, tuliziangalia zimekaa ukutani, moja juu ya nyingine, kwa wino mwekundu, na tukasema zimependeza.

Sasa nieleze habari za Wekulo, maana bila yeye hakuna kisa. Alikuwa mrefu, mwenye suti mbili za Kaunda, ya kijivu na ya kahawia, na alifundisha kwaya kanisani kwao Jumamosi. Mama yangu alipolazwa mwaka uliotangulia, alilibeba darasa langu wiki tatu juu ya lake, na nilipotaka kumshukuru alinitania kwamba watoto wangu walikuwa wamepumzika kelele zangu. Nilimpenda kama kaka. Hao waliokuwa darasa la nane walikuwa wake tangu wakiwa la nne. Kila Januari alimwomba Bwana Muasya apande nao, na kila Januari alikubaliwa. Alijua ni nani baba yake amesimamishwa kiwandani, na nani huchelewa kwa sababu mama hutoka alfajiri kwenda soko la Gikomba na kumwachia mdogo wake. Hakuwa na makuu mengine. Alitaka kuwafikisha wale watoto kwenye mtihani ule kwa mkono wake mwenyewe, na hakulificha. Alisema hata wamtume wapi baadaye, hilo lisiondoke.

Vikao vya kwanza vilikuwa vya kupiga miayo. Tulifika saa kumi kamili, tukasikilizana kwa adabu, hatukuchekana, na hatukuambiana kitu. Alhamisi ya sita, mwezi wa tatu, Wekulo akainua mkono kama mwanafunzi.

"Kuna mtoto wangu, Waithera," akaanza. "Leo nilikuwa na ile aljebra. Eksi jumlisha saba ni sawa na kumi na mbili. Nikawaambia saba ikivuka alama ya sawasawa, inageuka inakuwa kutoa saba. Akaniuliza ni kwa nini igeuke. Nikamwambia ni kwa sababu imevuka. Akasema, 'Mwalimu, kwani huko katikati inafanyiwa nini?'"

Kwa siku nyingine tungeangua kicheko. Siku hiyo tulisubiri.

"Nikamwambia akae chini," akasema Wekulo. "Nilikuwa mkali kwake. Lakini ukweli, walimu, mimi sijui. Tangu tufungue nimefundisha aljebra na majibu ya nyuma ya kitabu. Naangalia jibu, halafu narudi nyuma natafuta njia ya kufika. Hawa watoto wanaenda kwa mtihani, na mimi sijui."

Alipomaliza alikuwa anaangalia mikono yake. Ndung'u hakumpa pole wala hotuba. Alichukua rula, akaiegemeza juu ya kifutio, akaweka vipande vya chaki huku na huku mpaka ikatulia. Akasema alama ya sawasawa ni hapa katikati, na hakuna namba inayovuka popote. Unatoa saba huku, basi utoe saba na huku, la sivyo rula inaanguka. Wekulo aliondoa chaki moja upande mmoja, rula ikalala. Akairudisha. Akaondoa pande zote mbili, ikakaa. Alifanya hivyo mara tano au sita, kisha akacheka peke yake na kutikisa kichwa.

Kuanzia siku ile mambo yaligeuka, na nitasema haki: kanuni zile zilifanya kazi. Kama si ile ya tatu, Wekulo asingefungua kinywa, na kama si yeye, hakuna ambaye angethubutu. Mwalimu wa darasa la tatu alisema hajawahi kuelewa ramani. Muungwana mmoja wa la saba akakiri kwamba muziki anaufundisha kwa kuwaandikia watoto majina ya nota ubaoni, kwa kuwa hajui zinavyoimbwa. Wekulo akamfundisha palepale, na sisi wote tukaimba mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Kitabu cha mwalimu kikatolewa kikawekwa mezani. Kufuli zikaanza kutoka, moja moja, hakuna aliyetangaza. Mimi yangu niliiondoa Mei. Nilikuwa na furaha kwenda kazini, na kwa mtu wa tabia yangu hilo si jambo dogo.

Na yote niliyaandika, kwa majina, kwa mwandiko wangu. Ya Wekulo niliiandika hivi: Mwl. P. Wekulo alikiri kwamba haelewi aljebra ya darasa la nane na kwamba tangu Januari amekuwa akifundisha kwa kutegemea majibu yaliyo nyuma ya kitabu.

Alhamisi iliyofuata niliisoma kwa sauti, kama kanuni ilivyotaka. Kitabu kikazunguka, kila mtu akatia sahihi. Kilipomfikia Wekulo alikisoma mwenyewe tena, taratibu.

"Hii lazima iwe na jina?" akaniuliza.

"Kwani hukusema?"

"Nilisema."

"Basi, Mwalimu. Kanuni ni kanuni."

"Si ungeandika tu 'mwalimu mmoja'?"

"Nikianza kuandika mwalimu mmoja, kesho mtaniambia hakuna aliyesema," nikamjibu, tena kwa ukali, kwa sababu nilikuwa nimemaliza ukurasa ule bila kufuta hata herufi moja na sikutaka kuuchafua. Nikagonga mahali pa sahihi kwa kidole. "Hapa."

Kalamu ilikaa hewani kidogo. Niliiona. Sitasema sikuiona. Kisha akatia sahihi, akasukuma kitabu kwa aliyefuata, na tukaendelea na ajenda ya chaki.

Mkaguzi alikuja wiki ya pili ya Julai bila taarifa, mtu mpole wa miwani, mwenye mkoba mpya. Nilikuwa darasani. Bwana Muasya alitaka kumwonyesha kwamba shule yake si ya watu wanaosubiri kusukumwa. Alimpitisha chumba cha walimu, akamwonyesha zile kanuni ukutani, na mkaguzi alipouliza kama ni za mapambo tu, Bwana Muasya akaenda kwenye kisanduku changu, ambacho hakikuwa na kufuli, akatoa kitabu cha kumbukumbu. Alikitoa kwa fahari. Najua kwa sababu aliniambia mwenyewe baadaye, na alikuwa karibu kulia. "Nilitaka waone tunafanya kazi, Madam," akasema. "Ningejua ningekichoma."

Waliniita ofisini saa sita. Wekulo alikuwa amesimama karibu na dirisha, ingawa kulikuwa na kiti. Kitabu changu kilikuwa mbele ya mkaguzi, kimefunguliwa.

"Huu ni mwandiko wako, Mwalimu?" akaniuliza.

"Ni wangu."

"Mwandiko safi sana. Na haya maneno aliyasema?"

"Aliyasema mwezi wa tatu," nikasema. "Sasa hivi anajua. Muulizeni."

"Nimemuuliza. Nimekaa darasani kwake nusu saa, ameeleza vizuri, na rula yake na chaki zake." Akavua miwani akaifuta. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilinikera zaidi. "Lakini huyu mwalimu ametia sahihi kwamba hajui. Hii ni sahihi yake. Matokeo yakija mabaya, na mzazi akaja kuuliza, mimi nitasema nini? Kwamba niliiona nikaiacha?"

"Kuna mahali imeandikwa alijifunza," nikasema. "Angalia mbele."

Akaangalia mbele. Mimi pia nikaangalia. Siku ya rula nilikuwa nimeandika: Mwl. Ndung'u alitoa maelezo. Basi. Wiki zilizofuata, Wekulo alipokuwa akileta hesabu zake tukazifanya pamoja mpaka akawa anatupita, sikuandika kitu kuhusu yeye, kwa sababu mtu anayejua hakuwa habari. Nilikuwa nimeandika udhaifu wa kila mtu na sikuandika hata mara moja kwamba umekwisha.

"Darasa la nane apewe mwingine," mkaguzi akamwambia Bwana Muasya. "Huyu apelekwe madarasa ya chini. Na kama mnaniuliza mimi, mwalimu anayeweka kumbukumbu namna hii ndiye wa kukabidhiwa watoto wa mtihani." Akanitazama, akatabasamu.

Nilipaswa kukataa pale pale. Kwa hasira zangu zote, zinazowaka hata kwa kifutio kilichopotea, siku hiyo hazikuja. Tena kuna kitu kibaya zaidi, na nakisema kwa kuwa nimeshaanza kusema: neno la yule mtu kuhusu mwandiko wangu lilinifurahisha. Lilikuwa jambo la kupepesa jicho tu, lakini lilikuwepo, na nina hakika Wekulo aliliona usoni mwangu. Alitoka bila kunitazama.

Jumatatu nilikuta kufuli tisa zimerudi. Kufikia Jumatano zilikuwa kumi na tano. Kisanduku cha kumi na sita kilikuwa changu, na hakuna aliyekuwa na haja ya kukigusa. Hakuna aliyenitukana. Niliponyanyua birika walisogeza vikombe wapate nafasi, wakasema asante. Kila mmoja alijua jina lake limo katika kitabu kile na kwamba mkaguzi alifungua kurasa nyingi. Baadhi waliamini nilikitoa mwenyewe ili nipate darasa la nane. Nilimsikia mwalimu wa darasa la tatu, yule wa ramani, akimwambia mwenzake kwa Kiswahili cha wazi ili nisikie, "Huyu alikuwa anatuandika kama askari."

Darasa la nane walisimama nilipoingia, wakaketi, wakaniangalia. Waithera alikuwa msichana mfupi wa dawati la pili, mwenye sweta iliyotoboka kiwiko. Aliinua mkono kabla sijaandika tarehe.

"Mwalimu wetu ameenda wapi?"

"Amepangiwa darasa la pili."

"Amefanya makosa gani?"

Nikamwambia akae chini. Ukuta wa darasa la pili ulikuwa umepakana na wetu, na dakika si nyingi tukasikia sauti ya Wekulo akiwaimbisha watoto wadogo kuhesabu kwa kumi. Watoto arobaini na wanane waliacha kuandika. Nikawaacha wasikilize mpaka akamaliza, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuwakataza.

Aljebra niliiweza, nilikuwepo siku ya rula. Kilichoniangusha kilikuwa kitu kidogo cha aibu. Tulikuwa tunarudia hesabu za sehemu, na nikawaambia kwamba ukigawanya kwa sehemu, unaipindua ya pili kisha unazidisha. Nimefanya hivyo tangu nikiwa na miaka kumi na mbili. Waithera akainua mkono, akauliza kwa nini tunaipindua. Masista walisema pindua, nikapindua. Nikamwambia hilo watalisoma sekondari. Kuanzia siku hiyo nilianza kuangalia nyuma ya kitabu kabla ya kila kipindi, nikijificha nyuma ya mlango wa kabati nisionekane, na kila swali jipya nililipanga likae mbali na lile nisilolijua. Ilikuwa imebaki miezi mitatu na kitu. Nilikuwa na watoto wa Wekulo mikononi, na nilikuwa nawapeleka kule kule alikoogopa kuwapeleka, ila yeye alisema na mimi nilinyamaza.

Alhamisi ya mwisho ya Julai Ndung'u aliitisha kikao. Wote walikuja saa kumi kamili. Mtu angechungulia dirishani angesema hawa wanaelewana kweli: hakuna aliyemkatiza mwenzake, hakuna aliyecheka. Wekulo alikaa pembeni na suti ya kahawia, madaftari ya darasa la pili magotini.

"Kanuni ya nne imevunjwa," Ndung'u akasema. Raba zake zilikuwa zimechakaa tangu Januari, na sauti pia. "Nataka kila mtu aseme kama ni yeye alitoa maneno nje. Tukijua, tutajua pa kuanzia."

Wakazunguka. Si mimi. Si mimi. Wala mimi. Bwana Muasya akasema ni yeye aliyetoa kitabu, lakini kitabu si maneno, na mtu mmoja akaguna. Ilipofika zamu yangu niliiweka kalamu chini.

"Hakuna aliyevunja kanuni ya nne," nikasema. "Maneno yalitoka na kanuni ya tano, na ya tano ni yangu. Mwalimu Wekulo aliniomba nisiandike jina. Mliniona nikimkatalia. Nilikataa kwa sababu ukurasa ulikuwa msafi."

"Jambo la pili," nikaendelea, na hapo ndipo nilipoona aibu ambayo sikuwahi kuiona maishani, kwa sababu kuungama kosa ni rahisi kuliko kuungama ujinga. "Mimi ndiye wa darasa la nane sasa, na sijui kwa nini tunapindua sehemu tukigawanya. Kuna mengine pia. Naangalia majibu nyuma ya kitabu. Naomba msaada."

Nikasubiri. Mwezi wa nne watu watatu wangekuwa wameshainuka kutafuta chaki. Sasa kila mmoja aliona kitu cha kutazama: dirisha, kucha, kikombe. Ndung'u alifungua mdomo, akamtazama Wekulo, akaufunga. Nilielewa kwamba hawakuninyima kwa chuki. Waliogopa tu kuonekana wakijibu, kwa kuwa anayejibu leo ataulizwa kesho.

Wekulo ndiye aliyesema. Hakuinua kichwa kutoka kwenye daftari alilokuwa anasahihisha.

"Katibu. Hiyo umeandika?"

"Bado."

"Andika."

Nikaandika. Nilisikia kalamu ikikwaruza karatasi na nadhani wengine waliisikia.

"Weka jina," akasema.

Nikaweka: Mwl. M. Wacuka.

"Soma."

Nikasoma. Mwl. M. Wacuka alikiri kwamba haelewi kugawanya kwa sehemu na kwamba amekuwa akitegemea majibu yaliyo nyuma ya kitabu. Kisha nikatia sahihi bila kungoja kuambiwa. Kitabu kilizunguka chumba kizima. Kila aliyekipokea alikisoma na kukipitisha, na kiliporudi kwangu sahihi ilikuwa ile moja. Wekulo pia hakusaini. Kikao kikafungwa, watu wakachukua mifuko, kufuli zikasikika zikijaribiwa.

Alinikuta uani, karibu na bomba, nikinawa uso.

"Kesho saa kumi na mbili na nusu," akasema. "Darasa la pili, kabla watoto hawajafika. Huko kwa la nane sitaingia, wasije wakasema nimekaidi. Kuja na hicho kitabu ya hesabu na hayo yote hujui, usiache hata moja."

"Mwalimu, mimi naomba msamaha," nikamwambia. "Si kwa mkaguzi. Kwa ile siku ya kalamu."

"Nimesikia." Aliangalia upande wa darasa la nane, ambapo mtu alikuwa ameacha dirisha wazi. "Nitakufundisha sababu hao watoto ni wangu. Watavuka. Lakini hayo mengine, ya kuwa kama zamani, usiniombe. Sina."

Nilifika saa kumi na mbili na robo, na tayari alikuwepo. Alikuwa ameandika ubaoni, chini kabisa kwa ajili ya urefu wa watoto wa darasa la pili, tatu gawanya kwa robo. Juu ya meza kulikuwa na mikate mitatu ya karatasi aliyoikata mwenyewe. Akaniambia nihesabu kuna robo ngapi ndani. Nikazihesabu kwa kidole, mtu wa miaka thelathini na nne niliyebanwa katika dawati la mtoto wa miaka minane, nikafika kumi na mbili, na nikaelewa. Nilitaka kumwambia kitu. Alikuwa ameshafuta na kuandika swali la pili.

Tulifanya hivyo mpaka Novemba, kila asubuhi ya shule, na hakuchelewa wala hakunicheka nilipokosea. Watoto walifaulu hesabu kuliko tulivyotarajia. Waithera alipata shule ya sekondari ya bweni, na Bwana Muasya akabandika majina yao ukutani. Mimi na Wekulo tulifanya kazi pamoja katika shule ile miaka mingine sita. Alinisaidia kila nilipomwomba, akanieleza kila nilichouliza, na katika miaka hiyo yote hakuniambia neno hata moja ambalo angejali likiandikwa.